Kitunguu Kisicholala: Kuzalisha Lili Nyeupe Nyumbani

(Maneno niliyoyasema mbele ya wakulima wa bustani, Lushoto)

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Mama Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na nyie vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimewaishia: wa shikamoo nawapa shikamoo, wengine hamjambo.

Nimeitwa nizungumzie lili, na nitaanza na aibu yangu, maana wengine hapa wanaijua na wasiponisikia nikiisema wataisema wao. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua vitunguu 40 vya lili nyeupe. Vilichanua vyote. Nikauza Tanga, nikarudi na hela mkononi, nikajiona nimeshatoka. Majani yalipokauka nikavichimbua na kuvianika juu ya bati siku nne nzima, vile wanavyofanya watu wa Mang'ola na vitunguu vyao vya mboga. Nilijiambia kitunguu ni kitunguu. Nilipovishusha vilikuwa vimesinyaa kama vidole vya mtu aliyeshinda anafua. Nikavipanda hivyo hivyo kwa ubishi. Vikaota vitatu.

Leo nimekuja na vitunguu viwili mfukoni. Hiki ni cha mboga, nimekitoa jikoni. Kina koti lake jekundu, kavu, limekifunika mpaka shingoni. Kikianikwa kinajifungia ndani na kulala miezi, ndiyo maana kinasafiri mpaka Dar kwenye gunia na kufika salama. Na hiki ni cha lili. Tazameni, hakina koti. Ni magamba matupu, manene, meupe, yamebebana kama tunda la msonobari. Kila gamba liko wazi kwa hewa. Na chini hapa, kwenye kitako, kuna mizizi minene, mibichi. Ukimaliza kuvuna maua, majani yakakauka, huku chini mizizi hii bado inakunywa. Kitunguu hiki hakilali, jamani. Kinapumzika jicho moja likiwa wazi. Ukikianika unakiua, na ukimwona muuzaji ameviweka kwenye kapu juani, mpite. Mimi mwenyewe niliuziwa vya namna hiyo na duka moja la pembejeo, tena kwa risiti.

Tukubaliane jina kwanza. Yungiyungi, kwa Kiswahili chetu, ni lile ua linaloelea bwawani, mizizi matopeni. Si hili. Waliofasiri Biblia, walipofika kwenye Wimbo Ulio Bora, waliandika nyinyoro, na nyinyoro ni ua letu la porini, lile jekundu la duara linalochomoza mvua zikianza. Nalo lina kitunguu, lakini ukoo mwingine. Yale meupe ya kando ya mito, yaliyokunjwa kama karatasi ya karanga, watu wanayaita lili mchana kweupe, kumbe ni ndugu wa magimbi na yaliletwa kutoka Afrika Kusini. Lili za kweli ziko kama aina 100, zote asili yao ni kaskazini mwa dunia: Asia, Ulaya, Amerika Kaskazini. Hii ninayolima mimi ni nyeupe, ndefu, mdomo kama tarumbeta, na kitaalamu ni Lilium longiflorum. Kwao ni visiwa vya Ryukyu, kusini mwa Japani, na Taiwani, ambako huota karibu na bahari kwenye udongo wa matumbawe. Kwa hiyo anayekuambia lili ni mmea wa theluji, mwambie hii ni ya pwani. Inachotaka ni ubaridi wa kiasi, na huo Mungu ametupa huku milimani.

Kupanda sitakaa sana, kwa sababu nyie ni watu wa viazi na mnajua kazi kuliko mimi. Tofauti ni moja. Mmea wa lili una mizizi ya ngazi mbili. Ipo ya chini ya kitunguu, na ipo inayotoka kwenye shina, juu ya kitunguu, ndani ya udongo. Ile ya juu ndiyo inayolisha ua. Ukipanda kitunguu juu juu, mizizi ya shina inakosa pa kuishi, na mmea unaanguka upepo ukivuma. Kwa hiyo juu ya kichwa cha kitunguu pawe na udongo wa sentimita 15 hivi, na mmea ukishapanda, upandishie udongo kama unavyopandishia viazi. Tuta liinuke, maji yapite. Samadi iwe imeoza kabisa, ile inayonuka udongo wa msituni. Ikiwa bado inanuka zizi, iache mwaka mwingine. Masika yetu yanaua lili wengi kuliko wadudu wote: kitako kinaoza, unavuta mmea unabaki na shina mkononi. Basi.

Sasa njooni karibu, maana nilichokujia ni hiki.

Kila msimu tunanunua vitunguu vya ng'ambo kwenye maboksi, tunavuna maua, na kilichobaki tunatupia mbuzi. Nimehesabu kitunguu hiki jana usiku, kina magamba 34 yanayoonekana. Kila gamba moja lina uwezo wa kuzaa lili. Angalieni mikono yangu.

Nimeshakiosha. Haya mawili ya nje yamechubuka, nayatoa, sina haja nayo. Hili la tatu ni zima. Nalishika karibu na kitako, nalisukuma chini na pembeni kwa pamoja. Mmesikia? Hicho kijisauti, kama karoti ikivunjwa. Gamba limetoka, na hapa chini lina ukingo mdogo wa kahawia. Huo ni kipande cha kitako. Jitahidi kitoke pamoja na gamba, kwa sababu mtoto anatokea hapo hapo kwenye jeraha. Natoa la nne, la tano. Nikifika nane au kumi naacha. Mama namrudisha ardhini na atachanua tena, kanyauka kidogo tu. Ukiwa na roho ngumu unaweza kumvua yote mpaka moyo, lakini hapo umemmaliza.

Magamba yakae kivulini saa chache jeraha likauke. Mwenye dawa ya ukungu ayachovye, afuate maelekezo ya pakiti. Kisha unahitaji kitu cha kuyalaza kisicho na udongo wa shamba. Mimi natumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, ndugu zetu wa Tanga wanayo ya kumwaga. Loweka, kamua. Ukifinya mkononi yashikamane, lakini lisidondoke hata tone. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa huruma. Mkono unaomhurumia mmea unaongeza maji, na maji yakizidi kwenye mfuko uliofungwa unapata supu.

Changanya magamba na makumbi kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uache na hewa, funga mdomo, andika tarehe. Andika, nawaomba. Kichwa kinasahau. Weka kabatini, mahali penye joto la kukaa na kitenge bila sweta, nyuzi 20 hadi 25. Usiuweke juani.

Wiki ya nne ukiinua mfuko kwenye mwanga utaona kwenye ukingo wa gamba vitu vyeupe kama punje za mchele. Mara ya kwanza nilipoviona nilidhani ni mayai ya mdudu, nikataka kuumwaga mfuko jalalani. Wiki ya nane hadi ya kumi vimekuwa kama mbaazi, vina vijizizi, vingine vimetoa hata kigamba chao cha pili. Gamba moja linaweza kuwa na kimoja, viwili, hata vitatu. Gamba lenyewe limelegea, limekunjamana, limempa mtoto kila kitu lilichokuwa nacho. Usiyatenganishe kwa nguvu.

Kisha kuna jambo la baridi, ambalo ndilo linawafanya watu wa Dar na Tanga waseme wameuziwa feki. Wananunua kitunguu, kinachanua vizuri mwaka wa kwanza, mwaka wa pili kinatoa majani tu, au hakitoki. Hakuna aliyewaibia. Kitunguu kilichotoka Uholanzi kilikuwa kimekaa kwenye chumba cha baridi kabla ya kusafirishwa, kilikuja na saa yake imeshajazwa. Lili hii ili ichanue kwa pamoja na kwa wakati inataka kama wiki sita za nyuzi 4 hadi 7. Dar hiyo baridi haipo mwezi wowote. Hapa kwetu usiku wa Julai unasaidia, ndiyo maana zangu ninazoziacha ardhini huchanua zenyewe Novemba na Desemba. Australia na New Zealand wanaiita lili ya Krismasi kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini wateja wangu wanataka Pasaka, na Pasaka inahama. Kwa hiyo naanza na tarehe ya sikukuu, natembea kinyumenyume. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi. Kutoka kupanda kitunguu kilichopata baridi hadi ua, kwa hali yetu ya hewa, nahesabu siku 110. Hiyo inanipeleka tarehe 8 Desemba 2026. Nikitoa wiki sita za friji, nafika tarehe 27 Oktoba. Siku hiyo vitunguu vinaingia friji ndani ya makumbi yenye unyevu, kwenye droo ya chini ya mboga. Si kule juu kwenye barafu. Na visikae na ndizi mbivu wala maembe: matunda yanapoiva hutoa hewa inayoharibu chipukizi la ua ndani ya kitunguu, utapata majani mazuri na vichwa vilivyokauka vikiwa vidogo. Hilo lilinigharimu Pasaka moja nzima. Umeme ukikatika msihangaike, fungeni mlango wa friji na muuache.

Kundi la Pasaka na kundi la Krismasi nalima matuta tofauti, sichanganyi. Kundi la Pasaka majani yake yanakuwa manjano kuelekea Agosti, nachimbua, navifukia kwenye makumbi yenye unyevu ndani ya nyumba mpaka tarehe ya friji ifike. Halafu niwaonye: waambieni watu wa nyumbani. Mkwe wangu alikuja kunitembelea, akafungua droo, akaona vitunguu vyeupe vizuri. Nilimkuta na kisu mkononi na nyama iko jikoni. Wachina na Wajapani wanazo aina za lili ambazo vitunguu vyake wanakula, lakini vyangu vilikuwa vimechovywa dawa.

Vile vidogo vya kwenye mfuko navyo vikishafika mbaazi vinaingia friji wiki sita hadi nane, kisha unavipanda kitaluni, sentimita mbili au tatu chini. Mwaka wa kwanza utapata jani moja moja, kama mtu aliyepanda nyasi. Usikate tamaa, na usimruhusu mpalilizi asiyejua apite hapo na jembe. Mwaka wa pili vinapata shina, vichache vinatoa ua moja. Wa tatu unauza. Najua kuna mtu anawaza, miaka mitatu! Mama, mparachichi uliupanda lini?

Njia nyingine nazitaja kwa kupita. Ukifukua shina lililozeeka utakuta vitunguu vidogo vimeng'ang'ania sehemu iliyokuwa udongoni, hivyo ni vya bure, viokote. Kuna lili ya rangi ya chungwa yenye madoa, inatoa punje nyeusi kwenye kwapa za majani, unazidondosha ardhini zinaota. Na kuna mbegu. Lili ya Taiwani, ndugu wa hii, hupandwa kwa mbegu na inaweza kuchanua kabla mwaka haujaisha. Ila hiyo Afrika Kusini imetoroka bustanini hadi ikaandikwa kwenye orodha ya mimea vamizi, kwa hiyo mimi siileti kwenye milima hii.

Ugonjwa. Gamba ni mwili wa mama, kwa hiyo alichonacho mama mtoto anacho. Ukiona majani yana michirizi ya njano iliyopauka, mmea umedumaa, ua limejikunja, hicho ni kirusi na hakina dawa. Ng'oa na kitunguu chake, choma. Usiseme ngoja kwanza nitoe magamba mawili. Wanaokisambaza ni vidukari, wale wadogo wa kijani wanaojazana kwenye ncha changa.

Bermuda, kisiwa cha Bahari ya Atlantiki, waliyaona haya. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa kile kiliuza vitunguu vya lili hii Marekani kwa ajili ya Pasaka. Mashamba yakaanza kudhoofika mwaka hadi mwaka, watu wakasema ni vidukari tu wananyonya. Mwaka 1923 akafika Mskoti mmoja, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Lawrence Ogilvie, na mwaka 1927 akaandika kwamba ni kirusi. Dawa ikawa macho: mashamba yakakaguliwa, mimea migonjwa ikaondolewa, biashara ikapata nafuu. Hapakuwa na chupa ya dawa katika habari hiyo.

Wamarekani nao walikuwa wameshahamia kununua Japani. Mwaka 1941 vita vikazuka kati yao na vitunguu vikakatika siku moja. Kilichowaokoa ni begi. Askari mmoja, Louis Houghton, alikuwa amefika pwani ya kusini ya jimbo la Oregon mwaka 1919 na begi lililojaa vitunguu, akawagawia marafiki zake, wakawa wanapanda kwa kujifurahisha tu, uani. Vita vilipofunga bandari, wale wa uani wakajikuta matajiri. Vitunguu wakaviita dhahabu nyeupe. Kufikia 1945 wakulima wa lili kwenye pwani yote ya Pasifiki, kuanzia Kanada hadi California, walikuwa kama 1,200. Nikiwaambia mzalishe vitunguu vyenu wenyewe nawaza lile begi. Dola ikipanda, boksi likichelewa uwanja wa ndege, sisi tuna nini uani?

Ila vijana msinielewe vibaya, simtumi mtu aende ng'ambo arudi na begi. Siku hizi kitunguu kinaingia nchini kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, na wenye kazi hiyo wapo, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Pia aina mpya zenye majina ya kibiashara zina wenyewe. Tanzania ina sheria ya haki za wagunduzi wa aina za mimea tangu 2012. Kwa hiyo kabla hujazalisha kwa kuuza, uliza unachozalisha ni cha nani.

Namalizia na kuvuna, kwa haraka maana chai naisikia inanukia. Kata asubuhi, tumba la chini likiwa limejaa na limeanza kuwa jeupe, halijafunguka. Usikate shina mpaka chini. Acha theluthi moja yenye majani, maana majani hayo ndiyo yanayokilisha kitunguu cha mwaka kesho. Mteja akidai shina refu zaidi, mwambie bei ni ya ua na kitunguu. Endelea kumwagilia mpaka majani yageuke manjano yenyewe.

Ua likifunguka, nyofoa vile vichwa sita vya unga kabla havijapasuka. Chavua ya lili ni kama bizari. Niliwahi kupamba harusi nikasahau kunyofoa kwenye shada moja, na bibi harusi akakumbatiwa na shangazi. Shangazi alikimbilia kitambaa chenye maji, akasugua. Gauni likawa na ramani. Ikitokea kwenu, msiguse na maji: gongeni nguo kwa nyuma, kisha bandikeni selotepu na kubandua, polepole, mpaka itoke.

Na wenye paka, hili si utani. Paka akila jani la lili, au akajilamba chavua iliyomwagikia manyoya, hata akinywa maji ya chombo cha maua, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku chache. Mimi sina paka ndani. Wenye paka muuze maua yote, msibaki na hata moja mezani.

Kuna mkono umeinuka kule. Eeh, baba? ... Mzee anauliza, asiye na friji afanyeje. Swali zuri, na wengi hapa ni la kwao. Mfuko wa magamba hauhitaji friji, kabati linatosha. Vikishafika mbaazi, panda kitaluni mwezi wa tano, na usiku wa Juni na Julai utafanya kazi ya friji, hasa nyie wa vijiji vya juu. Vikishakomaa hutaipata Pasaka, utaipata Krismasi. Nayo ina harusi nyingi.

Sasa Mama Mwenyekiti ana mifuko 60 hapo mezani, na makumbi yako kwenye beseni nimeshayakamua, msiyaongeze maji. Mimi nitaendelea kuvunja magamba ya vitunguu vingine. Kila mtu matatu. Kalamu ni moja, kwa hiyo aliyemaliza kuandika tarehe aipitishe kwa jirani.